Mbegu Ndani ya Mabano

Mliponiaga kwa keki na kitenge, mkuu wenu mpya alisimama akasema nimeitumikia Jumuiya bila doa. Niliinamisha kichwa nikacheka, na wengi wenu mkadhani ni machozi. Kisha mkaniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi ya karani wa kamati, yatakayowafaa ninyi mnaoanza. Haya basi. Nimekaa kwangu Tetu, mvua imenifungia ndani siku ya tatu, ng'ombe ameshakamuliwa, na sina kisingizio tena. Vyeo sitavitaja, anayetaka kujua nilipanda lini akaulize masijala. Nitawaeleza kazi yenyewe, na nitawaonyesha doa liko wapi.

Nilianza kama karani wa mahakama mjini Nyeri, nikiandika kesi za mipaka ya mashamba, ndugu na ndugu wakigombania hatua mbili za majani chai. Kazi hiyo ilinifundisha kuandika haraka na kutomwamini mtu anayeanza maneno yake kwa kuapa. Tangazo la kazi katika Bunge la Jumuiya lilipotoka gazetini, niliomba kwa sababu lilisema wanatafuta mtu wa kuandika haraka. Nikavuka Namanga na sanduku moja, nikiwa na hakika kwamba naenda mahali ambapo mambo makubwa huamuliwa na watu wakubwa. Nilikuwa kijana, mtanisamehe.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Kaijage, karani mkuu wa kamati, mtu wa Bukoba, mwembamba, aliyetafuna buni zilizokaushwa tangu asubuhi hadi jioni kama wengine wanavyotafuna karanga. Mimi nimezaliwa katikati ya mibuni na sikuwahi kuona mtu akiitafuna kahawa. Kwetu tuliichuma tu ikaenda. Alinisikiliza nikijitambulisha, akatikisa kichwa.

"Kiswahili chako, binti, kimepanda mlima kikachoka njiani," alisema. "Lakini usijali. Sheria zetu zinaandikwa Kiingereza. Kiswahili ni cha kuwasalimia wananchi."

Nilidhani ni mzaha. Alinikabidhi kinasa sauti cha kanda, kengele ya mezani, na kalamu za rangi, moja kwa kila nchi. Yetu ilikuwa ya kijani. Nchi zilipoongezeka baadaye, rangi ziliisha dukani, tukaanza kuongeza penseli. Kisha akanipa maneno niliyoyabeba muda wote wa kazi. "Ukiingia chumba cha kamati huna nchi. Karani hana nchi. Yako iache kwa askari wa getini, utaikuta ukitoka." Niliyashika kama amri ya kumi na moja, na kama amri zile kumi, niliyatumia pale yaliponifaa.

Kwa kuwa baadhi yenu mmeingilia mlango wa kompyuta na hamjawahi kuufuata muswada kwa miguu, niwaeleze njia yake. Muswada huanzia kwa Baraza la Mawaziri wa nchi zote, au kwa mbunge mmoja mwenye ubishi. Husomwa mara ya kwanza bungeni, maana yake kichwa chake kinatajwa na watu wanarudi kwenye simu zao. Hupelekwa kwa kamati, na kamati huzunguka nchi zote kusikiliza wananchi. Kisha wataalamu, mmoja kutoka kila nchi, huketi meza moja kupatana neno kwa neno. Yaliyokubaliwa hurudi bungeni kusomwa mara ya pili na ya tatu, na mwisho kitabu hubebwa kwenda kwa kila mkuu wa nchi atie saini. Lazima wote watie. Mmoja akikaa kimya, muswada unakaa naye.

Kuna muswada mmoja wa uzito wa malori uliopata saini zote isipokuwa moja. Nilitumwa nikautafute katika mji mkuu wa nchi ambayo sitaitaja, kwa kuwa nina marafiki huko. Ofisi ya kwanza walisema uko ofisi ya pili. Ya pili wakasema uko ya kwanza. Siku ya nne niliukuta umewekwa chini ya mlango ili usijifunge na upepo. Katibu muhtasi aliniambia kwa heshima kabisa, "Mama, ukichukua hiyo, utuletee ingine ya kuzuia mlango." Jasho la watu wazima la miaka lilikuwa ndani ya jalada lile. Niliketi kwenye ngazi zao nikacheka mpaka askari akaniuliza kama naumwa. Nawaambia haya mjue kwamba uchungu wangu haukuanza na muswada wa mbegu, ambao nitaufikia. Mbegu ilikuta umeshatandikiwa kitanda.

Sasa mabano. Hili mlijue kuliko yote. Katika kikao cha wataalamu, neno ambalo nchi moja hailitaki halifutwi. Linawekwa ndani ya mabano ya mraba, na pembeni karani anaweka rangi mbili, ya nchi iliyolileta na ya nchi iliyolikataa. Mabano yanaweza kuishi vikao vitatu, vinne, yakisafiri kutoka hoteli hadi hoteli. Siku ya mwisho karani husimama na kusoma kwa sauti kila kilichobaki ndani yake. Nchi iliyokileta ikisema "tunashikilia", kinapelekwa kwa Mawaziri wakaamue wenyewe. Ikinyamaza, kimeanguka. Desturi hii haijaandikwa popote, lakini sijaona kanuni iliyoandikwa ikiheshimiwa hivyo.

Kilichoandikwa ni akidi. Nchi hata moja ikikosekana mezani, kikao si kikao, na mtu yeyote aliye chumbani anaweza kulisema hilo, karani akiwamo. Mzee Kaijage alinifundisha kuhesabu viti kabla ya kila jambo jipya, si asubuhi tu. Alihesabu kwa kugusa kila kalamu kwa kidole, taratibu, huku wataalamu wakimtazama kwa hasira. Nilimwona mara mbili akisimamisha kikao kizima kwa sababu mtu mmoja alikuwa msalani.

Kikao changu cha kwanza cha kusikiliza wananchi nyumbani kilikuwa Kerugoya. Chifu alikuwa amewaleta watu, na watu walikuwa wameletwa na soda. Mzee mmoja alisimama akauliza hii Jumuiya yetu ni ya parokia gani. Waheshimiwa walicheka, mimi niliona aibu, kwa sababu lilikuwa swali la haki na hatukuwa na jibu zuri. Tulikuwa na fomu yenye safu nne: jina, mahali, nambari ya kifungu, na maoni. Maoni yasiyo na nambari ya kifungu yaliingia ukurasa wa nyuma unaoitwa Mengineyo. Miaka yote niliyofanya kazi, sikuona mjumbe akifungua Mengineyo. Watu wa Kerugoya wote waliingia huko, pamoja na mzee wa parokia.

Wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki ndio waliotuonyesha. Tulipokwenda kwao kwa muswada wa kuhamisha wanyama, walikuja kutoka msikitini wakiwa na karatasi iliyopigwa chapa, nambari za vifungu zimepangwa pembeni. Haji aliyewaongoza aliniambia, "Mama, mimi siendi sokoni bila kujua ni ng'ombe gani naongelea." Walipata karibu kila walichotaka. Tangu siku hiyo niliamua kwamba mwananchi asiyejua nambari, nitamtafutia mwenyewe. Hilo halikuwa kazi yangu, lakini hakuna aliyenikataza.

Ndipo ukaja muswada wa mbegu. Nia yake haikuwa mbaya. Mbegu iliyopimwa nchi moja iuzwe nchi nyingine bila kupimwa upya, na mkulima asiuziwe makapi ndani ya mfuko wenye picha nzuri. Lakini kifungu cha tisa kilisema mtu yeyote haruhusiwi kuuza, kubadilishana wala kutoa mbegu ambayo haijapimwa na kuwekewa lebo. Wala kutoa. Aliyekiandika nadhani hakuwahi kuwa na jirani.

Kamati ilikwenda Timau. Tuliketi katika ukumbi wa kanisa, nje ngano imetanda mpaka macho yachoke, ndani baridi ya kukata masikio, waheshimiwa wamevaa makoti mazito. Wa mwisho kusimama alikuwa mwanamke mzee wa gambuti na kilemba, jina lake Nyaguthii, ambaye kila mtu ukumbini alimwita Cucu, yaani nyanya. Alikuja mbele, akatoa viazi saba kwenye kiondo akavipanga mezani, vimechipua vizuri, na udongo wake. Mheshimiwa mmoja alivuta jalada lake upande.

"Hii waru ilitoka kwa mama yangu," alisema. "Yeye alipewa na mama ya bwana yake wakati aliolewa. Jirani akichomewa na baridi, mimi nampea debe moja. Mwaka ingine nachomewa mimi, yeye ananipea. Sasa nyinyi mnasema ati nikimpea nimefanya makosa?"

Mwenyekiti alitazama saa yake. "Maoni yako ni mazuri sana, mama. Tutayazingatia."

"Sijatoa maoni. Nimeuliza."

Mwenyekiti alifungua muswada, akaufunga. "Kwa jinsi ulivyoandikwa, mama, ndiyo. Ni makosa."

"Na jela iko?"

"Ipo."

"Ya waru?"

"Ya waru."

Hakupandisha sauti. Aligeuka akanitazama mimi. "Na wewe unaandika hapo, wewe ni wa wapi?"

Nilipaswa kusema sina nchi. "Wa Tetu, cucu," nilisema.

"Basi mwari wa Tetu, andika yote. Usiandike tu ile inawapendeza." Mwari kwetu ni binti, na sikuwa nimeitwa hivyo tangu mama yangu afariki.

"Nimeandika, cucu. Itaingia."

Karani haahidi. Anaandika, anasoma alichoandika, anafunga daftari. Nilimwahidi mbele ya watu wote, na nilifurahi kumwahidi, na njia nzima ya kurudi Nanyuki nilijiona mtu wa maana. Jioni hiyo nilijaza fomu na kumwekea nambari: kifungu cha tisa. Kule Makao Makuu, mimi na mwandishi wa sheria wa Bunge tuliketi siku mbili tukapata aya mpya ya tatu, kwamba kifungu hicho hakimzuii mkulima mdogo kumpa jirani yake, kubadilishana naye au kumuuzia mbegu aliyoihifadhi mwenyewe. Kamati ikaikubali bila ubishi. Ilikuwa sentensi moja tu, na nakiri nilikuwa nikifungua jalada kuisoma bila sababu.

Kwenye kikao cha wataalamu nchi moja ilikataa. Walisema ukifungua dirisha hilo, mlango hauna maana tena. Aya ikaingia ndani ya mabano, kijani upande mmoja kwa kuwa ilizaliwa Timau, na Kenya ndiyo iliyoibeba mezani. Mtaalamu wetu alikuwa Daktari Mugo, mtu wa Kerugoya, msomi wa mimea, mcheshi. Sitaki mumwone shetani. Vikao vitatu mfululizo aliitetea aya ile vizuri sana, akieleza jinsi kina mama wanavyochagua kiazi cha mbegu kwa jicho na kwa kidole, mpaka wale wa upande wa pili wakaanza kuandika anayosema. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja na kuongea Kikuyu koridoni, nje ya geti la Mzee Kaijage, kama nilivyojiambia.

Ijumaa ya kikao cha nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Saa tisa na nusu alasiri mabegi yalishapangwa kando ya ukuta. Mimi nilikuwa nimepata nafasi kwenye gari la mwenzangu aliyekuwa anaondoka saa kumi kamili kuelekea Nairobi, na sikuwa nimeiona Tetu kwa miezi miwili. Daktari Mugo alininong'oneza akipita nyuma yangu, "Nakuja sasa hivi, wacha nikimbie nichukulie mama watoto kitenge kabla hawajafunga." Akaacha koti lake kwenye kiti.

Haikupita dakika tano, mwenyekiti wa kikao akasema, "Karani, tumalizie mabano."

Yalibaki kumi na moja. Yetu ilikuwa ya saba. Nilisimama na karatasi. Niliangalia kiti cha kijani, nikaona koti limeketi vizuri, mabega yamenyooka, na nikajiambia kwamba koti ni mtu. Sikugusa kalamu. Nilisoma ya kwanza polepole, ya pili polepole zaidi, nikisikiliza viatu koridoni. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, hatusomi Injili hapa. Songa." Watu wakacheka. Nikasonga.

Nikasoma ya saba. Mtaalamu wa nchi iliyoikataa aliinua macho akalitazama koti, kisha akanitazama mimi. Alikuwa anajua. Alisubiri kuona nitafanya nini, na nadhani ningesema neno asingebisha. Neno lenyewe lilikuwa fupi: Mwenyekiti, hakuna akidi. Kikao kingevunjika mpaka Jumatatu, watu wangebadilisha tiketi, gari la saa kumi lingeondoka bila mimi, na chumba kizima kingesema karani wa Kenya anaipigania Kenya. Ndipo nikalikumbuka lile la karani hana nchi. Lilinijia haraka sana, kama mtoto anayeitwa kula.

"Kimya," alisema mwenyekiti. "Imeanguka."

Nilichora mstari kwa rula. Nikasoma ya nane.

Daktari Mugo alirudi nikiwa nafunga begi, mfuko mkononi, jasho usoni. "Tumefika wapi?"

"Tumemaliza."

"Na ile yetu?"

"Imeanguka."

Aliliinua koti lake kutoka kwenye kiti. "Si ungeningoja?"

"Si ungekaa?"

Ripoti ilikuwa mezani ikingoja saini yake, kwa sababu kila nchi hutia saini ukurasa wa mwisho, na isipotia ripoti haiendi popote. Bado angeweza kukataa. Aliniuliza akikataa itakuwaje, nikamwambia kitaitishwa kikao kingine, pengine mwaka wa fedha ujao, na atatakiwa kueleza kwa maandishi alikuwa wapi. Aliangalia ule mfuko wa kitenge. Akatoa kalamu akatia saini, akaniambia nisafiri salama. Watu wawili wa mlima mmoja, na hakuna aliyetusukuma.

Jumatatu nilimweleza Mzee Kaijage. Alikuwa karibu kustaafu, na nilitegemea atasema yaishe. Aliacha kutafuna.

"Ulihesabu viti?"

"Nilihesabu makoti, mzee."

"Nilikwambia karani hana nchi," alisema. "Sikukwambia hana macho."

Akanieleza njia iliyobaki. Niandike barua kwa Katibu wa Bunge kwamba akidi haikuwapo wakati mabano yanasomwa. Ripoti nzima ingebatilika, na kazi yangu huenda ikafuatana nayo. Barua niliiandika siku ile ile, ukurasa mmoja na nusu, nikaweka sahihi, nikaitia kwenye droo nipate kuisoma tena asubuhi nikiwa na akili tulivu. Akili haikutulia. Mzee Kaijage hakuniuliza tena, na siku tulipomuaga alinipa mkono bila kunitania, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Muswada ukasomwa mara ya pili barua ikiwa kwenye droo. Ukasomwa mara ya tatu, waheshimiwa wakizungumza juu ya umoja na chakula cha kutosha, wakapiga meza. Mbunge aliyekuwa mwenyekiti wetu kule Timau alisema wananchi wamesikilizwa kikamilifu, na mimi ndiye niliyemwandikia hotuba. Kisha kitabu kikapelekwa kwa wakuu wa nchi. Malori yalikuwa yamelala mlangoni miaka, lakini huu haukulala popote. Saini zote zilirudi kabla sijamaliza daftari moja. Siku nilipoiona ya mwisho niliichana barua vipande vidogo, kwa kuwa haikuwa na kazi tena, na nililia chooni mpaka mfagizi akagonga.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine, vizuri tu. Niliwafundisha wengi wenu kuhesabu viti, nikiwa mkali hata mkaniita Mama Akidi nyuma ya mgongo. Mlidhani ni tabia yangu.

Nimestaafu nikarudi Tetu kulima. Mvua za kwanza zilipokaribia nilikwenda kwa jirani yangu Wairimu kumwomba mbegu ya waru, kama tulivyoomba tangu nikiwa msichana. Alinipeleka nyuma ya nyumba kabla ya kunijibu.

"Mama, siku hizi hatupeani hivyo," alisema. "Kuna cucu wa huko Timau, wale wakaguzi walimpata sokoni na mbegu. Wakaenda mpaka kwake kwa ghala. Wakamwagia waru yote dizeli, hata ya kula, na wakazunguka kwa majirani wale alikuwa amewapea. Korti ilimwonya tu juu ni mzee. Lakini waru imeisha."

Sikumuuliza jina la huyo cucu. Kesho yake nilikwenda Timau.

Nilimkuta ameketi uani kwenye kigoda akichambua minji, njegere mbichi, kwenye beseni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinitazama muda mrefu, akanionyesha kigoda cha pili.

"Wewe ni yule wa kuandika."

"Ndiyo, cucu."

Nilimweleza yote, kwa Kikuyu, bila kuruka. Mabano, koti, gari la saa kumi, barua kwenye droo. Nilipofika kwa Daktari Mugo sikumtaja jina, kwa sababu sikuwa nimekwenda pale kugawana lawama. Mikono yake iliendelea na minji, mbovu huku, nzima huku. Shamba lililo nyuma yake lilikuwa limelimwa na halina kitu.

"Na hiyo waru, iko pahali pengine?" nilimuuliza. "Hakuna aliyebaki nayo?"

"Nilipea watu kumi na wanne. Walienda kwa wote kumi na wanne. Mmoja aliona wanakuja akapika yake yote." Alifikiri kidogo. "Na hiyo sheria, inaweza kurudishwa?"

Nikamweleza hilo pia, kwa kuwa ndilo jambo ninalolijua vizuri kuliko yote duniani. Mbunge mmoja akubali kuleta marekebisho. Yasomwe mara ya kwanza. Kamati izunguke nchi zote. Wataalamu waketi, mmoja kutoka kila nchi. Yasomwe mara ya pili, mara ya tatu. Kila mkuu wa nchi atie saini, wote. Nilihesabu kwa vidole na nilisikia sauti yangu ikiwa nzuri, sauti ya kikao.

"Hiyo ni miaka ngapi?"

"Tukiwa na bahati, kumi."

"Na waru itatoka wapi?"

Nilivishusha vidole vyangu.

Alimaliza minji iliyokuwa mkononi. "Ile siku," alisema, "ile kiti ikiwa tupu na wewe unaona, ulikuwa unafikiria nini?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno ya Mzee Kaijage. Nilimwambia ukweli. "Nilikuwa nataka kufika nyumbani."

"Na ulifika?"

"Nilifika, cucu."

"Basi ni vizuri," alisema. Akainuka kwa kushika goti, akabeba beseni lake, akaingia jikoni, akauvuta mlango nyuma yake. Nilisikia akichochea moto na kusogeza sufuria. Kwetu hata mtoza kodi haondoki uani bila kupewa chai. Nilingoja kwenye kigoda mpaka kivuli cha paa kikanipita miguu, na mlango haukufunguliwa. Nikainuka nikaenda.